Shajara ya mradi: kumpeleka Mama na watoto baharini Marseille

9 Machi: Tunachotaka

Tunaishi Lyon, Ufaransa, mwaka wa saba sasa, na watoto wangu hawajawahi kuoga baharini na bibi yao. Mama anakuja kutoka Tanga mwisho wa Juni, atakaa nasi hadi Agosti. Nimeamua mwaka huu twende Mediterania siku tatu. Tutakuwa watano: mimi, baba watoto, binti wa miaka tisa aliyejifunza kuogelea kwenye bwawa la mtaa, mdogo wake wa miaka sita ambaye bado hajui, na Mama ambaye magoti yanamsumbua.

Naandika kila hatua kwa sababu nilipotafuta maelezo ya Kiswahili kuhusu kuchagua ufuko huku Ulaya sikuyapata. Atakayetaka kufuata njia yetu aifuate, na pale tulipokosea apite pembeni.

Masharti yangu ni manne. Maji yawe safi, na usafi huo uwe na vipimo, si picha. Waokoaji wawepo kazini siku tutakazokuwepo. Tufike bila gari, kwa kuwa hatuna. Na ufuko uwe wa mchanga wenye kina kifupi, Mama akitaka kukaa kitako majini akae. Bajeti ni euro 850, kila kitu ndani.

16 Machi: Bendera ya Buluu ilinipoteza

Nilianza na Bendera ya Buluu, ile nembo ya fukwe safi. Mpango wake ulianza Ufaransa mwaka 1985, ukaenea Ulaya 1987. Nikajiwekea kanuni kwamba ufuko usiokuwa nayo haufai, na usiku mmoja nikafuta zaidi ya nusu ya orodha yangu.

Kanuni hiyo ilikuwa mbovu. Bendera ile huombwa. Halmashauri ya mji ndiyo inayopeleka maombi, kila mwaka upya, na inapimwa kwa mambo mengi zaidi ya maji: taka, vyoo, elimu ya mazingira, njia za walemavu. Mji usipoomba hauipati, hata kama maji yake yanang'aa. Ikiwepo ni dalili njema, isipokuwepo haisemi chochote.

Kinachosema ni vipimo. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2006, kila eneo rasmi la kuogea hupimwa bakteria wa aina mbili wanaotoka kwenye kinyesi: E. coli na enterokoki. Matokeo ya misimu minne hukusanywa, ufuko unapewa daraja moja kati ya manne: bora sana, nzuri, inatosha, au mbaya. Ili bahari iitwe bora sana, hesabu inataka vipimo 95 kati ya 100 viwe chini ya E. coli 250 na enterokoki 100 kwa kila mililita 100 za maji. Wizara ya Afya ya Ufaransa ina tovuti inayoonyesha matokeo ya kila ufuko, tarehe kwa tarehe. Nimeirudia orodha yangu yote kwa njia hiyo. Ilinichukua jioni mbili.

5 Aprili: Mji

Mji wa Nice nimeutoa kwenye orodha. Bahari yake ni nzuri mno, lakini ufuko wa mjini ni wa mawe ya mviringo na kina kinashuka ghafla, hatua chache tu na mtoto wa miaka sita hafiki chini. Miji midogo ya upande wa Montpellier ina mchanga mrefu, ila kubadilisha treni na basi ukiwa na mtu mwenye magoti mabovu ni kumtesa.

Imebaki Marseille. Treni ya kasi kutoka kituo cha Lyon Part-Dieu huchukua chini ya saa mbili, haibadilishwi, na fukwe zinafikika kwa basi la mjini. Kuna jambo la pili ambalo halikuwa kwenye masharti: Marseille ina Wakomoro wengi sana, na lugha yao iko karibu na Kiswahili. Mama hajui Kifaransa. Nilitaka apite sokoni mahali ambapo anaweza kusikia neno na kulishika.

Tahadhari kwa anayenakili: fukwe za Prado, zile kubwa zinazoonekana kwenye kila picha ya mji, zilitengenezwa na binadamu miaka ya 1970 kwa kifusi kilichochimbwa wakati wa kujenga metro. Sehemu kubwa ni changarawe na kokoto. Nafasi ni tele na nyasi zipo nyuma, lakini viatu vya majini ni lazima. Kwa mchanga nimechagua ufuko wa Prophète, mdogo, uliokaa ndani ya ghuba chini ya barabara ya Corniche, wenye kina kifupi. Wa akiba ni Catalans, karibu na bandari ya zamani. Zote mbili ziko kwenye njia ya basi namba 83.

13 Aprili: Euro 60 zimekwenda

Nilipanga nyumba kwa haraka kwa sababu bei ilishuka. Tangazo lilisema "dakika tano hadi baharini". Nilipolipa malipo ya awali, euro 60 zisizorudishwa, ndipo nilipofungua ramani ya setilaiti. Dakika tano zilikuwa za gari, na bahari yenyewe hapo ni ukuta wa mawe wa gati. Kwa miguu hadi ufuko wa kwanza wenye mwokoaji ni zaidi ya saa nzima, tena kwa mlima.

Nimeghairi. Sasa kabla ya kulipa popote nafanya mambo matatu: naomba jina la kituo cha basi kilicho karibu, napima njia kwa miguu kwenye ramani na kuizidisha mara mbili kwa ajili ya Mama, na naangalia picha ya setilaiti nione ni mchanga au mawe. Nyumba mpya iko umbali wa vituo vichache vya metro kutoka bandari ya zamani, ina lifti. Euro 330 kwa usiku tatu.

3 Mei: Maboya ya kujaza upepo

Nilinunua boya la duara na maboya ya mikononi, euro 19. Binti alifurahi. Mwalimu wake wa kuogelea alipoyaona akanieleza kwa upole kwamba lile la duara ni kitu cha kuchezea, halimlindi mtoto: akipinduka linamshika miguu juu kichwa chini, na upepo ukitoka nchi kavu unalisukuma kuelekea bahari kuu kwa kasi ambayo mtu mzima hawezi kuogelea kuifikia.

Nimenunua majaketi mawili ya kuogelea ya povu, yenye mkanda unaopita katikati ya miguu na alama ya kiwango cha EN 13138, euro 24 kila moja. Angalia uzito ulioandikwa ndani, usinunue kubwa ili mtoto "akue nalo". Lisilombana humtoka kichwani akiwa majini. Na hata likimkaa sawa, ni kifaa cha kumsaidia anayejifunza. Mtu mzima anabaki kwenye urefu wa mkono.

14 Juni: Safari ya majaribio, na maji ya baridi

Nilimchukua binti peke yake, kwenda na kurudi siku hiyohiyo, tujaribu njia nzima kabla Mama hajafika. Wiki moja kabla, Mama aliniuliza kwa simu, "Mwanangu, huko maji yanajaa saa ngapi?" Nikatafuta jedwali la maji kujaa na kupwa jioni nzima, nikapanga saa za kwenda kwa kulifuata kama ningefanya Sahare, ufukoni kwetu Tanga. Kazi bure. Tanga wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, ukikosea saa unakuta matope hadi upeo wa macho. Marseille tofauti ni kama sentimita 30. Bahari iko palepale asubuhi na jioni. Basi 83 linapita kwenye nyumba ndogo ya kipima maji iliyojengwa juu ya mwamba wa Corniche: vipimo vyake vya kati ya 1885 na 1897 ndivyo vilivyoweka sifuri ya kupimia urefu wa milima ya Ufaransa. Wangepata tabu kuweka sifuri yao Tanga.

Nilichopaswa kutafuta ni upepo. Tulikuta anga haina hata wingu, jua kali, bendera ya njano. Siku mbili zilizotangulia Mistral ilikuwa imevuma. Huo ni upepo wa kaskazini-magharibi unaoteremka bonde la mto Rhône. Kwetu kaskazi na kusi zina misimu, mvuvi anajua mwezi gani aweke ngalawa juu. Mistral huja wakati wowote wa mwaka, inaweza kukaa siku moja au wiki. Husukuma maji ya juu, yale yaliyopashwa na jua, kuyapeleka bahari kuu, na maji ya chini hupanda kujaza nafasi. Ubao wa waokoaji uliandika nyuzi 16.

Binti aliingia mbio kama alivyozoea bwawani. Yalipomfika kifuani akavuta pumzi kwa kishindo, akasimama, mabega yamepanda hadi masikioni, hawezi kupiga kelele wala kurudi. Nilikuwa hatua mbili nyuma nikamshika. Midomo ilikuwa imeshageuka zambarau. Tulikaa juani tumejifunika taulo moja, anatetemeka, na mwokoaji akaja kutuangalia. Akanifundisha kwamba mtoto alowe kwanza shingo, tumbo na mikono, aingie taratibu, hasa akitoka kwenye jua. Akaongeza kwamba mtu anayezama kwa kawaida hapigi mayowe. Hana pumzi ya kuyapiga.

Somo la bendera pia nililipata hapo. Tangu mwaka 2022 Ufaransa inatumia za mstatili, zile za pembetatu za kwenye vitabu vya zamani zimeondolewa. Kijani, kuna ulinzi na hakuna hatari ya pekee. Njano, kuna ulinzi lakini kuwa mwangalifu. Nyekundu, marufuku kuoga. Zambarau, maji yamechafuka au kuna viumbe wa hatari. Bendera mbili zenye nyekundu juu na njano chini huonyesha mpaka wa eneo linalolindwa. Sisi tulikuwa tumetandika mita 40 nje ya mpaka huo bila kujua.

Marekebisho: siku tatu kabla ya kwenda naangalia upepo na joto la maji, si joto la hewa. Tukitandika, kwanza tunatafuta zile bendera mbili.

29 Juni: Mama amefika, na suala la nguo

Mama aliniuliza jambo moja kabla hata ya kufungua sanduku: ataruhusiwa kuingia majini na nguo zake? Alikuwa amesikia habari za marufuku. Nilitafuta jibu la sheria ili asiwe na wasiwasi. Mwaka 2016 baadhi ya miji ya pwani ilipiga marufuku mavazi ya kuogea yanayofunika mwili, na tarehe 26 Agosti mwaka huohuo Baraza la Dola (Conseil d'État), mahakama ya juu ya mambo ya utawala, ilisimamisha amri ya mji wa Villeneuve-Loubet ikisema inavunja uhuru wa msingi. Mabwawa ya halmashauri ni habari nyingine, huko mavazi hayo kwa kawaida hayakubaliwi. Kwenye ufuko wa wazi kama Prophète, Mama ana haki yake.

Nilimnunulia vazi jepesi la kuogea la mikono mirefu. Dera la pamba likilowa ni zito na hufunga miguu, na hilo ni la usalama kuliko la sheria. Alipolijaribu mbele ya kioo alisema, "Hili lina kitambaa kigumu, lakini linasitiri." Akalikunja akaliweka juu kabisa ya sanduku.

18 Julai: Tumefika, ufuko umefungwa

Treni ilikwenda vizuri. Usiku kukapiga mvua ya radi, kubwa, ya saa moja na ushei. Asubuhi jua limetoka na watoto wameshavaa nguo za kuogea. Kwa kuwa nilitaka waone Prado kwanza, tukaenda huko bila kuangalia chochote. Bendera ya zambarau.

Hapa ndipo kosa langu kubwa lilipokuwa, na nataka lieleweke. Daraja la "bora sana" ni hesabu ya miaka minne. Halikuambii habari za leo. Mto Huveaune unaishia Prado. Siku za kawaida maji yake hugeuzwa kabla ya kufika baharini, yakapelekwa kwa njia ya chini kwa chini hadi Cortiou, upande wa Calanques, pwani ya miamba nje ya mji, yanakotoka pia maji ya mji yaliyosafishwa. Mvua kubwa ikinyesha mfereji haubebi wote, mto unarudi kwenye mkondo wake wa asili na kumwaga kila kilichooshwa barabarani moja kwa moja mbele ya ufuko. Mji hupima na kufunga hadi vipimo virudi vizuri. Ndivyo inavyotakiwa. Mimi ndiye niliyetakiwa kuamka na kusoma tangazo la mji, maana wanatangaza hali ya kila ufuko kila siku ya msimu.

Mdogo alilia. Nilimweleza ukweli kwamba maji yanaonekana safi lakini leo yanaweza kumuumiza tumbo, akauliza nani ameyachafua. Nikamwambia ni mvua pamoja na sisi watu wa mjini.

Tukageuza siku. Tulienda soko la Noailles, Mama akakuta mihogo, ndizi mbichi, bamia, binzari. Kwenye banda moja wanawake wawili walikuwa wakizungumza Kingazija, lugha ya Komoro. Mama alisimama akasikiliza, akawaamkia kwa Kiswahili, na mmoja wao akajibu. Hawakuelewana kila neno, lakini walifika mbali: watoto wangapi, magoti, bei ya nazi. Alipewa kiti. Tulimwacha hapo dakika 20 tukaenda kununua mkate.

19 Julai: Prophète

Saa moja asubuhi nimesoma tangazo: wazi. Upepo mdogo, maji nyuzi 23. Tulifika kabla ya saa nne ili tupate nafasi, kwa sababu ufuko ni mdogo na saa sita hapana pa kuweka mguu. Mwavuli tuliubeba, kivuli hakuna.

Kabla ya kuingia tuliwavalisha watoto mikanda ya karatasi yenye namba yangu ya simu, tukawaonyesha kibanda cha waokoaji: ukinipoteza, huko ndiko unakokwenda. Baba watoto alikaa majini na mdogo, mimi na binti, na saa ya kubadilishana tuliitamka kwa sauti. "Sasa ni zamu yako kuwaangalia." Bila kutamka, kila mmoja hudhani mwenzake anaangalia.

Mama tulimshika mikono pande zote mbili. Alisimama maji yamemfika kwenye vifundo, akanusa, akachovya vidole akaonja. "Chumvi yake kali kuliko yetu," alisema. Ni kweli, Mediterania ina chumvi zaidi ya Bahari ya Hindi, jua hukausha maji mengi kuliko mito inayoleta. Kisha akakaa kitako, mawimbi madogo yakampiga mgongoni, akawaita wajukuu waje wamwagie.

Saa tisa binti akapiga kelele. Yavuyavu, yule mdogo wa rangi ya zambarau anayepatikana sana upande huu, alikuwa amemgusa mkononi. Nilikimbilia chupa ya maji ya kunywa nimsuuze. Mwokoaji alinizuia mkono. Maji ya bomba yasiyo na chumvi hupasua vifuko vya sumu vilivyobaki kwenye ngozi, maumivu yanazidi. Alisuuza kwa maji ya bahari, akaondoa nyuzi kwa ukingo wa kadi ya plastiki bila kusugua. Mama alitaja siki, naye akasema kwa aina hii hawaitumii. Baada ya nusu saa mistari myekundu ilikuwa imetulia na binti anaomba aiskrimu.

20 Julai: Siku ya mwisho

Prophète tena, hakuna la kuandika zaidi ya kwamba mdogo ameelea chali bila kushikwa, akiwa na jaketi, kwa hesabu ya hadi 15. Kwenye kona ya ufuko kulikuwa na rundo la majani makavu ya kahawia ambalo nilidhani ni uchafu. Ni posidonia, nyasi za baharini za Mediterania pekee. Zinakufa, zinaletwa ufukoni, zinazuia mchanga usiliwe na mawimbi. Mama alizijua kwa sura: "Kama zetu za Sahare."

24 Julai: Gharama

Kadi ya punguzo ya treni ya mwaka mzima, 49. Tiketi za treni za safari kuu, 186. Safari ya majaribio, 58. Nyumba, 330. Nyumba ya kwanza iliyopotea, 60. Majaketi, 48. Maboya yasiyofaa, 19. Viatu vya majini jozi tano, 40. Mwavuli, 25. Mabasi na metro, 31. Chakula, 120. Jumla euro 966, yaani 116 juu ya bajeti. Vazi la Mama ni zawadi, sikulihesabu.

Kati ya hizo, 79 zilipotea kwa haraka yangu. Zile 58 za majaribio ningezilipa tena, kwa sababu bila siku ile ningemwingiza Mama kwenye maji ya nyuzi 16.

2 Agosti: Nyongeza

Namba nilizoziweka kwenye simu na ambazo hatukuzihitaji: 112 kwa dharura yoyote, 196 kwa dharura ya baharini.

Mama anarudi Tanga tarehe 23. Binti ameomba twende siku moja tena kabla hajaondoka. Nimeangalia, waokoaji wa Prophète bado watakuwepo kazini. Tiketi ninazitafuta wiki hii, kwenda na kurudi siku hiyohiyo, na upepo nitauangalia siku tatu kabla.